Vumbi la Rangi Mbili

Vumbi lile lina rangi mbili. Mwanga wa asubuhi ukipenya dirisha la karakana, huku ugenini mtaa wa Malvern, nusu yake hung'aa kama magamba ya samaki, nusu yake ni nyekundu kama udongo wa kaburi. Jeupe la alumini, jekundu la kutu. Vumbi limelala. Msiliamshe.

Jocelyne amesimama mlangoni, mwanawe mchanga Gradi mgongoni. Hajafagia tangu mumewe Gaston afie humu. Kwao, kabla ya matanga kuondolewa, mjane hafagii alipofia mtu wake. Ufagio hufukuza roho. Basi vumbi likakaa, juu ya grenda, ile mashine ya kusagia vyuma, ndani ya viatu vya Gaston, likimwita mjane kwa sauti ya marehemu: Jo, njoo.

Leo matanga yameondolewa. Marcellin, mdogo wa Gaston, ana mkono kwenye swichi ya grenda.

"Shemeji, usiwashe."

"Eish, Mama Gradi! Acha mashine ya kaka iimbe. Maji haya hapa, ndoo mbili. Unaogopa mzimu?"

"Naogopa hata hayo maji."

Shule ya jioni ilimpa Jocelyne maneno ya kile alichokiona kwa macho. Alumini ina njaa ya pumzi, ile oksijeni. Kutu ni chuma kilichokwisha kushiba pumzi. Visage laini, vitalala kitanda kimoja kama mtu na mkewe; ije cheche kali, alumini humpokonya mwenzake pumzi yote, na chuma hutiririka, uji wa jua. Moto huo hauombi hewa ya nje. Umebeba pumzi yake tumboni. Siku Gaston alipofia humu, majirani waliumwagia maji, kwa upendo, nao ukaruka pamoja na maji.

"Gaston alisaga rimu za alumini za gari na mageti yenye kutu kwenye jiwe moja. Vumbi lililomuua ni hilihili, Shemeji. Lililobaki."

Marcellin akapangusa mashine kwa kidole, akakitazama: jeupe, jekundu. Akaondoa mkono kwenye swichi, taratibu, kama anayemkwepa nyoka.

"Na roho ya kaka?"

"Iko mgongoni kwangu. Inanikojolea."

Marcellin akacheka, akalia. Wakamwaga mchanga mkavu, wakafagia polepole, polepole, wasiliamshe.

Sasa mwanga unapenya dirisha tena, haukuti cha kung'arisha. Gradi anaukamata, anafungua kiganja: kitupu. Jocelyne anategea sikio. Hakuna anayemwita.

Chini ya ukucha wake mmoja vumbi limebaki, rangi mbili, limelala. Hakuliosha.