Sentensi Nne kwa Dakika Arobaini

Katika kundi lao la wanafunzi watatu msichana alikuwa mmoja, na kazi ya kuandika akatwishwa yeye. "Nyinyi wasichana mna subira," alisema Chifu, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuamrisha, akamsukumia simu yenye rekodi ya dakika arobaini. Mhadhiri alikuwa amewaagiza wajirekodi wakijadili swali, kisha waandike kila neno, waone wanavyozungumza.

Chumbani kwake akavaa visikizio. Dakika ya tatu alijisikia akisema, "Samahani, labda tungeanza na..." Chifu akamkata. Dakika ya saba: "Sijui kama niko sahihi, lakini..." Akakatwa na mwenzao waliyemwita Mrefu. Dakika ya kumi na mbili alitoa wazo zima kwa pumzi moja, hakuna aliyeitikia. Dakika ya kumi na tano Chifu akalitoa lilelile, neno kwa neno.

"Aisee, kichwa hicho!" Mrefu akashangilia.

Sauti ya kike ikadakia, "Kweli kabisa." Ilikuwa yake mwenyewe.

Aling'oa visikizio, damu ikimchemka. Alikuwa amefungua mdomo mara kumi na tisa. Sentensi alizomaliza ni nne.

Chifu alipoziona kurasa akacheka. "Dada, hizi za kukatana futa. Tutaonekana wahuni."

"Tumeambiwa kila neno."

"Ndiyo hasira hiyo sasa? Unakuza mambo bure."

Hakufuta hata nukta. Siku ya kuwasilisha, Chifu alitangulia mbele ya darasa, akatamba jinsi walivyoshirikiana. Msichana akainuka, akaanza kusoma kurasa zake.

"Ngoja kwanza, dada, hapo..."

"Sijamaliza!"

Waliokuwa wakipita nje wakachungulia dirishani. Mhadhiri, mama wa makamo, akainua kalamu. "Binti, punguza ukali."

"Mwalimu, yeye akipaza sauti anaitwa kiongozi. Mimi nikipaza ni mkali?"

Mhadhiri akashusha kalamu. Binti akasoma kurasa zote kumi na moja, na kila penye pengo akatamka, "Hapa nimekatwa." Mrefu aliinamia viatu vyake.

Walipewa alama nzuri, tena sawasawa, Chifu naye ndani. Hilo lilimuuma kuliko yote. Hakuna aliyemwomba radhi. Akadai kuhamishwa kundi, akahamishwa, na hadi muhula unakwisha alikuwa akipishana na Chifu mlangoni bila hata salamu.