Mbuzi wa Mikono Yake

Mtaani walimwita Mama Ndoo, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka mingi alikuwa akipembua mbuzi wake kama apepetaye mchele: mwenye maziwa mengi alibaki, binti yake naye akabaki, chuya wote waliuzwa. Beberu wa kupandisha alimtafuta kwenye ukoo wa majike wanaofurika, hata kama ni mbali. Maziwa hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba na kuwasomesha watoto.

Kitu kimoja tu alikisahau: chuchu. Kila uzao ulipoongeza maziwa, chuchu nazo zilizidi kufupika, mwisho zikawa kama ncha ya kidole cha mtoto mchanga. Vidole vyake vyembamba vilizimudu. Vya mumewe, fundi uashi, vilikuwa vinene kama mihogo, viliteleza tu. Mkamuaji wa kukodi alipigwa teke la kifua, akaaga na hakurudi.

Siku moja mdogo wake akapiga simu akilia. "Dada, mama ameanguka bafuni, kavunjika nyonga. Anakutaja wewe tu."

"Nenda, mke wangu," mumewe alimwambia. "Mbuzi si simba, nitapambana nao."

Akaenda. Alimkuta mama yake ametoka kupasuliwa, bado amelala. Alikuwa ameushika mkono wake, akingoja afumbue macho, simu ilipoita.

"Kiwele cha Malkia kimekuwa jiwe," mumewe alisema, huku nyuma yake mbuzi wakilia kama wamefiwa. "Nimekanda kwa maji ya moto, sipati hata tone. Na wengine wanaanza."

Aliondoka kabla mama hajaamka. Mdogo wake alimsindikiza kwa jicho tu, na jicho lile lilimuuma kuliko tusi. Mbuzi wengine aliwawahi, lakini Malkia alipoteza upande mzima wa kiwele.

Msimu wa kupandisha ulipofika, alikuja na beberu ambaye mumewe alimkodolea macho.

"Huyu si mtoto wa yule mbuzi wa jirani, wa kikombe kimoja?"

"Ndiye. Lakini mama yake hata wewe utamkamua."

"Na maziwa?"

"Yatapungua."

"Miaka yote hii, mke wangu..."

"Mchimba kisima ni mimi, na ndani nimo mimi. Acha nichonge ngazi."

Bwana mifugo alimwonya asitegemee mengi: mabinti lazima wazaliwe, wakue, wazae ndipo chuchu zao zionekane, na si wote watakaomfuata baba. Majike wakashika mimba. Yeye akaendelea kuchuchumaa bandani asubuhi na jioni, mumewe akimshikia simu sikioni.

"Leo nimefika mlangoni kwa magongo," mama alisema. "Unakuja lini, mwanangu?"

"Nakuja, mama," alijibu, akasogeza ndoo chini ya mbuzi mwingine.