Hata Akikuita, Usigeuke

Kawsar alifundisha kupatana bei kama watu wengine wanavyofundisha ngumi. Mwanafunzi wake alikuwa Ambaro, binti wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na tisa aliyezaliwa na kulelewa Uswidi, nchi ambayo bei hubandikwa kwenye kitu na hakuna anayeitilia neno. Alikuja Nairobi kukaa na shangazi yake Komarock kwa miezi mitatu. Wiki ya kwanza tu alinunua maparachichi matatu kwa shilingi mia tatu, akamshukuru muuzaji kwa mikono miwili. Kawsar alipoambiwa alishika kichwa, utadhani nyumbani kuna msiba.

"Umepigwa," alimwambia. "Umepigwa mchana peupe, halafu ukasema asante."

Basi mafunzo yakaanza. Baada ya kazi Kawsar alikaa sebuleni akajifanya muuzaji, viatu vya nyumba nzima vimepangwa mbele yake, na Ambaro akawa mnunuzi. Akijibu vibaya, alipigwa mwiko kwenye vidole. Si kwa mchezo, mwiko ulilia. Kiswahili alichopewa kilikuwa cha kupigania bei tu: Punguza kidogo. Mimi ni kastoma wako. Hiyo ni bei ya wageni. Bei ya mwisho ngapi? Zaidi ya hapo, hata "nina kiu" hakuwa anajua kuisema.

Na kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, Kiingereza marufuku, maana ukifungua mdomo kwa Kiingereza bei inapanda mara mbili palepale. "Hata wakikuua, usiseme Kiingereza," Kawsar alimwambia kwa Kisomali, lugha yao ya nyumbani, na wote wawili wakacheka. Ya pili ndiyo aliyoringia zaidi. "Akiikataa bei yako, ondoka. Atakuita. Usigeuke. Akikuita tena, usigeuke. Kila akiita, ujue ameshusha mia. Anayegeuka ndiye aliyepigwa."

Mwanamke huyu alikuwa ameuza mapazia soko la Jericho kwa miaka ishirini na mbili, na wenzake walimwita Mama Punguza. Sifa ilimlewesha, tusimfichie. Ijumaa moja alimtambia Wangu, muuza nyanya rafiki yake, kwamba yule msichana wa Ulaya sasa anaweza kununua viatu kwa mia nne kwa Adoyo. Wangu akacheka hadi akashika mbavu. Adoyo alikuwa mama muuza viatu vya mitumba mwenye roho ngumu, na wiki ile alikuwa mkali kama pilipili, kwa sababu Jumatatu wanawake wawili waliovaa mabuibui walikuwa wamemwibia jozi nne. Wakawekeana dau la nyanya na pazia. Ambaro angeenda peke yake, asiseme ni wa nani.

Jumamosi saa tisa alasiri Kawsar alijibanza kwenye kibanda cha Wangu, nyuma ya makreti ya nyanya, na kutoka hapo aliiona meza ya Adoyo yote. Ambaro alifika na buibui lake jeusi linaloburura chini. Akachagua kiatu chekundu, cha chini kisicho na kisigino. Adoyo, kama wauzaji wote wa viatu, alikuwa ameanika kimoja tu na cha pili amekificha. Ambaro akavua sandali yake ya kushoto, akaingiza mguu, akauinua kuutazama.

"Elfu moja mia tano," Adoyo akasema.

Ambaro akacheka, vilevile alivyofundishwa. "Hiyo ni bei ya wageni. Punguza kidogo. Mimi ni kastoma wako."

"Kastoma wangu tangu lini? Leo?" Adoyo naye akacheka. "Haya, elfu moja."

"Mia nne."

"Mia nne nunua sandali ya tairi. Mia tisa, mwisho."

"Bei ya mwisho ngapi?"

"Si nimekwambia? Mia tisa!"

Ambaro akatikisa kichwa, akageuka, akaondoka. Kawsar alimpiga Wangu kiwiko kwa furaha. Na hapo, watu wangu, ndipo kila kitu kilipoharibika, kwa sababu binti aliondoka na kiatu mguuni. Alisahau. Akili yake yote ilikuwa kwenye sheria ya pili, buibui limefunika miguu, na sandali yake ya kushoto imebaki chini ya meza.

"Dada!" Adoyo akaita.

Ambaro hakugeuka.

"Dada, kiatu! We dada!"

Hatua zake zikawa ndefu zaidi. Kawsar aliyaona mabega yake yamekazana, akajua anahesabu: mia nane, mia saba. "Muone," alimnong'oneza Wangu, macho yamemjaa machozi ya kujivuna. "Muone mtoto wa kaka yangu. Hageuki hata kidogo."

"Dada, nakuita kwa upole!"

Mia sita.

"Mwizi!" Adoyo akapiga kelele. "Shika mwizi! Ni wale wa mabuibui!"

Mtaani kwetu neno hilo huwezi kulitamka nusu. Likitoka, limetoka. Kibanda cha kuchomelea vyuma kikatapika watu, stendi ya bodaboda ikabaki na pikipiki tupu. Jiwe la kwanza lilimpata Ambaro kisogoni. Hata hapo hakugeuka. Alipeleka mkono kwenye hijabu, akaona damu kwenye vidole, akapiga hatua mbili nyingine. Neno hili hakuwa amefundishwa, na huenda alidhani ni bei.

Teke likampiga nyuma ya magoti. Akaanguka kifudifudi kwenye kokoto, na kabla hajainua uso wakawa wamemzunguka. Kawsar alisikia makofi, kisha mabuti, kisha mlio mwingine mzito wa kitu kinachopiga nyama. Alitoka nyuma ya makreti akayapindua yote, nyanya zikamwagika, akazikanyaga akikimbia na kuanguka na kuinuka.

"Ni mtoto wangu!" alipiga kelele. "Mwacheni! Si mwizi, ni mtoto wangu!"

"Na huyu ni mwenzake!" sauti ikajibu. "Si wanatembeanga wawili!"

Aliyesema hivyo alikuwa Dishon, fundi wa vyuma. Mwaka juzi alimtengenezea Kawsar grili za madirisha na akanywa chai sebuleni kwake. Lakini wiki mbili zilizopita pikipiki yake iliibwa mbele ya mlango wake, na tangu hapo alikuwa akimngoja mtu wa kumlipisha. Alimtazama Kawsar usoni asimwone. Akashusha nondo. Kawsar alikinga kwa mkono wa kushoto na mfupa ukalia kama kuni kavu.

Alianguka katikati ya miguu yao. Kutoka chini aliuona uso wa Ambaro, jicho moja limeshafumba, meno ya mbele hayapo, damu imemjaa kidevuni. Kijana mmoja alikuwa amemkalia mgongoni akimvuta nywele, mwingine anampiga mbavuni kwa ubapa wa panga, kwa mpangilio, kama mtu anayekung'uta zulia. Na Ambaro alikuwa anasema kitu. Kawsar hakukisikia kwa makelele. Akapigwa teke la tumbo, akapigwa la sikio. Mtu akapaza sauti, "Leteni tairi!"

Hofu ikamfundisha hesabu. Aliona kwamba angeweza kulia pale mpaka wamchome yeye pia, na asibadilishe kitu. Neno lilikuwa la Adoyo, na ni Adoyo tu angeweza kulirudisha. Akatambaa kinyumenyume kati ya miguu, mkono wake uliovunjika ukiburuta vumbini, akatoka.

Adoyo alikuwa amesimama mbele ya meza yake, mdomo wazi, sandali ya ngozi mkononi. Alikuwa ameshaiona. Alikuwa ameshaelewa kwamba hakuna mwizi anayeacha sandali nzuri kuliko kiatu alichoiba. Kawsar alimkamata kifuani kwa mkono mzima, akamtingisha.

"Sema! Waambie ni mteja!"

"Mama, watanigeukia mimi."

"Sema!"

"Uliona vile walichoma kibanda cha mama wa chipsi? Aliwaambia tu wamekosea mtu. Nina watoto, mama." Alikuwa analia.

Kawsar akampiga kofi. Akampiga la pili, kisha maneno yakamtoka ambayo hajawahi kuyatamka maishani. "Taja bei. Bei yoyote. Elfu hamsini? Laki? Chukua duka langu na mapazia yote. Taja, sitakuomba upunguze hata shilingi."

Adoyo alitikisa kichwa tu. Tairi likapita mbele yao, likiviringishwa na wanaume wawili wanaocheka, na wa tatu nyuma yao na chupa ya petroli. Umati ukajigawa ili lipite, na kelele zikatulia kidogo. Katika utulivu ule sauti ya Ambaro ikawafikia, nyembamba, imejaa damu.

"Punguza! Punguza kidogo! Mimi ni kastoma wako!"

Ndicho Kiswahili alichokuwa nacho. Watu wakaangua kicheko.

"Ati tupunguze!" mmoja akasema. "Haya, tutapunguza, tutabakisha nusu!"

"Bei ya mwisho!" Ambaro akalia. "Bei ya mwisho ngapi?"

"Bei ya mwisho ni hii," Dishon akamjibu, na nondo ikashuka begani.

Adoyo aliyasikia. Yalikuwa maneno yaleyale aliyoyacheka yeye mwenyewe dakika chache zilizopita. Akajinasua kwenye mkono wa Kawsar, akapanda juu ya meza, akavikanyaga viatu vyake mwenyewe, akachomoa kile chekundu cha pili alichokuwa amekificha, akakiinua juu.

"Amelipa!" alipiga ukelele wa mtu anayefiwa. "Mwacheni, amelipa! Ni mimi nimekosea! Kiatu ni chake, na hiki kingine hiki hapa!" Akakirusha, kikampiga Dishon kifuani.

Umati ukasita. Watu hawapendi kunyang'anywa mwizi waliyekwisha kumshika. Dishon alimtazama Ambaro pale chini, kisha akaja taratibu hadi kwenye meza na kiatu kile mkononi.

"Mathe, si ni wewe mama umesema mwizi?"

"Nimekosea."

"Unatuita watu wazima, tunaacha kazi, halafu unasema umekosea?" Akamzaba Adoyo kofi lililomwangusha kutoka mezani. Wengine wakaipindua meza, wakavunja miguu yake, wakavikanyaga viatu, wengine wakajichagulia. Yule wa petroli akaimwaga juu ya rundo akaliwasha, kwa sababu alikuwa ameshainunua. Moshi mweusi wa mpira ukapanda, na walipochoka kuutazama wakarudi makazini mwao. Cheche za Dishon zikaanza kuruka tena kibandani.

Wangu alileta mkokoteni wake wa nyanya. Wakamlaza Ambaro juu yake, wakamsukuma mbio hadi barabarani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa bado na kiatu.

Siku ya tatu hospitalini Ambaro akafumbua jicho alilobakiwa nalo. Lile lingine madaktari walikuwa wamelitoa. Kawsar alikuwa kando ya kitanda, mkono umefungwa plasta, na siku zote tatu hizo alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni Adoyo. Alimlaani asubuhi na jioni. Alimpigia kaka yake Uswidi akamwambia, ni mwanamke mmoja mwenye roho mbaya, neno lake moja ndilo lililotaka kumwua mtoto. Kaka yake alilia, naye akalia, na walikubaliana kwamba mwanamke huyo lazima afungwe.

Mchana ule Adoyo aliingia wodini. Shavu lake lilikuwa limevimba. Mkononi alishika mfuko wa nailoni wenye kile kiatu chekundu cha pili, kimeokotwa na kuoshwa, na sandali moja. Kawsar aliinuka hata kiti kikaanguka.

"Umefuata nini? Umekuja kumalizia?" Akamwendea, akamsukuma ukutani kwa bega. "Mtoto wa watu! Neno moja! Hukuweza kumkimbilia? Hukuweza kuita kwanza?" Akainua mkono wake mzima juu, na wauguzi wakaanza kukimbia kutoka mwisho wa wodi. Adoyo hakujikinga. Alifumba macho akangoja kofi.

"Eeddo," Ambaro akaita kutoka kitandani. Ndivyo Wasomali wanavyomwita shangazi.

Kawsar akageuka.

Midomo ya binti ilikuwa imeshonwa pembeni, ikabidi aongee polepole, kwa Kisomali. "Eeddo, aliniita. Mara tatu. Nilimsikia. Nilitaka kugeuka, lakini sikugeuka. Na Kiingereza sikusema." Jicho lake moja likamtazama shangazi yake, linangoja, kama lilivyokuwa likingoja sebuleni kujua kama leo kuna mwiko au hakuna.

Mkono wa Kawsar ulibaki juu. Hakuwa na pa kuushushia.

Adoyo alifumbua macho. Hakuelewa hata neno moja, lakini aliona uso wa Kawsar ulivyobadilika, akaogopa zaidi kuliko alivyoogopa kofi.

"Anasemaje, mama?" akauliza. "Anasema mimi ndio nilitaka kumuua?"

Kawsar angeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu mwingine wodini aliyejua Kisomali. Aliushusha mkono, akakiinua kiti kilichoanguka, akakaa.

"Anasema ulimwita," akamjibu. "Anasema mimi ndiye niliyemwambia asigeuke."