Mguu wa Kushoto Pajani kwa Zenon

...na haniangalii usoni, hiyo ndiyo dalili yenyewe, Zenon amepiga goti, mguu wangu wa kushoto uko pajani mwake, ananifungia kile kiatu cha chuma sisi wa mbio za pikipiki tunachoburuzia kwenye kona, kazi anayoifanya kila mbio kwa miaka kumi na mmoja, na siku zote hupiga domo, mvua, udongo, dada yake Bogna aliyekubali kuolewa na mtu kama mimi, leo kimya... anajua nimeona. Asubuhi nilikuwa nafuta udongo kwenye injini, nikaikuta ile alama yake ya kalamu nyeupe, ya kupimia cheche, imesogezwa, cheche ya plagi inachelewa, wala si kidogo, na cheche ikichelewa pikipiki hutoka mstarini kama ng'ombe aliyeshiba, sasa nani anaipoozesha pikipiki ya shemeji yake kama hajanunuliwa... geuza kisigino, ananiambia, nageuza. Arobaini na mbili kwa arobaini na mbili, imebaki mbio moja, kocha kanitaja mimi, mji mzima uko jukwaani unatema maganda ya alizeti, tukishindwa tunashuka daraja, na mimi na miaka yangu thelathini na sita hakuna klabu itakayonipigia simu tena, si hapa Poland, si kwingine. Jumanne nilimkuta nyuma ya magari anakula soseji na fundi wa Torben, yule Mdenmarki wa wapinzani atakayeanza ubavuni mwangu, wakanyamaza, eti walikuwa wanazungumzia mafuta, mafuta gani hayo ya kunong'onezana... na Bogna naye, nikiingia jikoni anakata simu, alikuwa kaka, anasema, kaka gani huyo wa simu tatu kwa siku, wamenizunguka, wamenizunguka nyumbani kwangu mwenyewe. Tangu Uswidi, tangu nianguke mwezi wa tano wakanitia bamba la chuma begani, sijashinda hata mbio moja, nimelaumu matairi, nimemlaumu mtengeneza injini, kumbe mbaya wangu ndiye ananivalisha kiatu... simwulizi, nitamwuliza mechi ikiisha, nimfukuze mbele ya watu, hapana, namwuliza sasa.

"Cheche umeichelewesha wewe?"

"Mimi," anasema, na mikono yake haisimami.

"Tangu lini?"

"Tangu Uswidi, shemeji."

Hivi hivi, bila haya, ningempiga teke kwa chuma chake hichohicho... "Torben anakupa nini?"

Sasa ananiangalia. Anasema yeye ndiye aliyemwuliza fundi wa Torben jambo moja tu, wao walifanyaje na yule mpanda wao wa zamani aliyekufa ganzi mkono. "Irek," anasema, hajawahi kuniita hivyo uwanjani, "fungua mkono wa kushoto."

Wa kushoto ndio wa klachi, utepe wa kuanzia ukiruka unaachia, ukiachia vibaya pikipiki yenye cheche isiyocheleweshwa inanyanyuka na kukulalia, na pikipiki hizi hazina breki... nafungua, upuuzi mtupu, nafungua, vidole viwili vya mwisho vimebaki vimekunjwa, navitazama, navisubiri, kama vya mtu mwingine.

"Bogna anasema hata kikombe kinakuponyoka. Nirudishe cheche mahali pake? Sema, narudisha."

Kikombe, basi simu tatu kwa siku zilikuwa za kikombe, nami nilimwambia Bogna kishikio chake kina mafuta, nikaamini mwenyewe... mke wangu anajua, huyu anajua, Wadenmarki wanajua, mimi peke yangu nilikuwa natafuta msaliti, na ningempata fundi mpya, angeiweka cheche sawasawa, ningekuwa nimeshazikwa. King'ora kinalia, dakika mbili, Torben anavaa kofia yake, naufinya mkono katikati ya mapaja asiuone. Acha hivyo, namwambia Zenon, naogopa, kumbe ndiyo hii wanayoiita hofu, miaka ishirini nilikuwa nawacheka wenye nayo... mguu bado uko pajani mwake, mkanda umebakiza tundu moja, na mimi ambaye kila mbio humfokea afanye haraka, namwomba kimoyomoyo achelewe.