Jina la Liao

Bosi Hsieh alikuwa na tabia ya kula ndimi za bata huku akikagua kazi za watu, na siku hiyo alizilia kwenye meza ya Pei-shan. Kipande kikadondoka kwenye kibodi. Akakiokota kwa kidole, akakilamba kidole. Miaka sita katika kiwanda hiki cha ruta, vile visanduku vya kusambaza intaneti majumbani, hapa Hsinchu, na Pei-shan bado anatapishwa na mtu huyu.

"Kimezidi," Hsieh alisema. "Ruta ina nafasi kiduchu, kifurushi chako hakiingii."

Kifurushi chenyewe kilikuwa programu ya kutafuta hitilafu. Hukaa ndani ya ruta na kusikiliza kila kinachopita, ili fundi ajue mtandao umekwama wapi. Kwa wiki tatu Pei-shan alikuwa akiipunguza, leo anakata hiki, kesho kile, mpaka pakakosekana pa kukata.

"Toa sehemu ya kuomba nywila basi."

"Bosi, bila nywila mtu yeyote atasikiliza nyumba za watu!"

"Mtu yeyote nani? Unamjua? Toa bwana, mzigo unaondoka Ijumaa."

"Kila kifurushi kina jina la mtunzaji wake, mtu wa kuulizwa kikiharibika. Langu siliweki kwenye uchafu huu."

Hsieh alicheka mpaka mafuta yakamchuruzika kidevuni. "Kumbe unaogopa hilo tu? Andika Liao. Si alishastaafu? Atajulia wapi?"

Kaka Liao ndiye aliyemfundisha Pei-shan kazi. Mwaka jana alirudi kwao Miaoli, akawa anauza kifungua kinywa pamoja na mkewe. Ghorofa nzima ilijua kwamba kitu kibovu hakikuwahi kutoka mikononi mwake. Pei-shan naye alijua, tena kuliko wote, na bado akaandika Liao. Ndiyo, aliandika. Akatoa nywila, kifurushi kikaingia, kisha akaenda kunawa mikono kwa sabuni mara mbili, kama aliyeshika samaki aliyeoza.

Jumatatu asubuhi simu yake ikaita.

"Pei-shan! Mdogo wangu!" Alikuwa Liao, mafuta yakichachatika kwenye kikaango nyuma yake. "Nimepata barua pepe yenu!"

Kila kifurushi kinapokamilika, kompyuta inayofunga vifurushi humwandikia mtunzaji kumjulisha. Yeye na Hsieh, wajuaji wakubwa, hawakulikumbuka hilo.

"Kaka, nisikilize kwanza..."

"Hebu nimalize! Nilidhani mmeshanisahau, kumbe mzee bado nimo! Shemeji yako ameichapisha barua, kaibandika juu ya sufuria la maziwa ya soya. Wateja wanauliza, nami najigamba, sioni hata haya." Akacheka hadi akakohoa. "Sasa niambie, wasije wakaniumbua. Hicho kifurushi changu kinafanya kazi gani?"

Upande wa pili wa chumba Hsieh alikuwa akichokonoa meno kwa ukucha. Siku zote hizi Pei-shan alikuwa amemwona yeye ndiye uvundo wa pale. Sasa alijinusa mwenyewe.

"Ibandue hiyo barua, kaka," alisema.

"Nini?"

"Ibandue kwanza. Halafu nitakwambia nilichokufanyia."