Meneja wa Mbolea ya Samaki

Apolinari alipandishwa cheo kwa sababu ya andazi.

Mwaka 1949 alikuwa karani katika kiwanda cha Rahemtulla kule Buguruni, ambako vichwa vya papa na dagaa waliooza vilianikwa, vikasagwa na kuuzwa kwa wenye mashamba kuwa mbolea. Meneja mpya, Mzungu, alifika asubuhi, akatapika ndani ya kofia yake, na kabla ya adhuhuri akaomba arudishwe kwao. Rahemtulla, leso puani, akamkuta Apolinari amekalia gunia la vichwa vya papa, anakula andazi kwa raha zake.

"Bwana Apolinari, unakulaje humu?"

"Nikitoka nje chai itapoa, Mzee."

Homa ya utotoni huko Bukoba ilikuwa imemwulia pua. Hakusikia harufu yoyote. Hilo hakumwambia Rahemtulla. Wiki ile ile akawa meneja.

Umeneja ukamkolea. Akanunua suti, tai mbili na fimbo ya kutembelea, ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Walowezi wa mkonge waliokuja kuvutana naye bei walikubali upesi, wakaondoka nusura wakimbie. Yeye akadhani ni ufasaha wake. Kanisani watu walimwachia benchi zima, naye akawapungia mkono kama askofu. Mkewe, Demetria, alimsugua kwa ndimu kila jioni bila kusema kitu, maana mshahara ulikuwa mtamu.

Kisha chama cha wakulima kikamwalika chakula cha mchana hotelini mjini, akatoe hotuba. Hajamaliza salamu, bibi mmoja wa Kizungu akazimia, uso kwenye supu. Wengine wakahamia barazani na sahani zao. Apolinari akahutubia viti, Demetria, na mhudumu mmoja aliyejibana pua.

"Mama Yuliana," akamwuliza mkewe, "nimewaudhi nini?"

"Unanuka, Baba Yuliana. Unanuka tangu ulipopewa umeneja."

Njia nzima ya kurudi Temeke alinusa mikono ya suti yake, asisikie kitu. Alijiona mjinga. Asubuhi akamwendea Rahemtulla ofisini kiwandani.

"Mzee, ulinipa cheo kwa akili yangu au kwa pua yangu?"

"Pua," Rahemtulla akajibu bila haya. "Akili nikaiona baadaye, ulipoanza kufunga madirisha wanunuzi wakija. Hila kubwa ile!"

"Nilifunga kwa sababu ya nzi."

Rahemtulla akacheka hadi miwani ikamdondoka. Apolinari hakucheka. Akafunga madirisha yote, akavuta kiti mpaka mlangoni, akakaa, akakunja nne.

"Sasa tuzungumze habari ya hisa za kampuni, Mzee. Mie sina haraka."

Mazungumzo hayakuchukua muda.

Ndivyo Apolinari alivyopata ukurugenzi. Demetria akapata nyumba ya bati, na kitu cha kwanza alichojenga ni bafu la makuti karibu na barabara. Kila alasiri mkurugenzi alivua nguo humo, mbuzi wa jirani wakichungulia, kabla ya kuruhusiwa kuingia kwake.

"Na soksi, Mkurugenzi!" Demetria alipiga kelele kutoka barazani. "Hizo zitupie huko huko!"