Nyumba Iliyotoka Kumtafuta Mwenyewe

Tatizo la kwanza lilikuwa viti. Damas alikuwa amenunua gari, Toyota Korola ya mtumba iliyotoka Japani kwa kupitia Dubai, na kwenye kioo bado kulikuwa na kibandiko chenye maandishi ambayo hakuna mtu Dodoma nzima aliyeweza kuyasoma. Alitaka kumpeleka mama mkwe wake akaone kwao. Lakini mkwe na mkwe hawakai bega kwa bega, kwa hiyo kiti cha mbele Bibi Loisi hakukitaka. Akiketi nyuma, Damas angemwona usoni kwenye kioo cha dereva kila anapotaka kulipita lori, na hilo ni baya kuliko bega. Miriam, mke wa Damas na binti wa Bibi Loisi, alisimama uani na kapu la maandazi akingoja wakubwa hao wawili wamalize kuheshimiana.

Mwishowe Damas alikigeuza kioo kikatazama dari. Bibi Loisi akaingia nyuma pamoja na mjukuu wake Frida, akajitanda khanga mpaka puani, na safari ikaanza, dereva akiwa hana habari na lolote linalomfuata.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, mwaka wa tisini na tatu. Bibi Loisi alikuwa amekaa nao miaka miwili katika chumba cha uani, pale Chang'ombe, na kwa miaka yote hiyo Damas alikuwa akikohoa kila anapotaka kuvuka ua, ili mkwewe apate nafasi ya kujificha. Majirani walidhani ana kifua kikuu. Yeye ni mtu wa Rombo, na Rombo nako heshima ya mkwe ipo, ila haifiki kwenye kikohozi. Hilo alilifanya kwa kumpenda Miriam tu, na Miriam alilijua.

Bibi Loisi hakuwa mtu wa kutaka mengi. Alitaka alale tena ndani ya nyumba yake ya Chisaluni kabla hajafa, na akishakufa azikwe alipozikwa mumewe, nyuma ya zizi. Chisaluni waliondolewa mwaka wa operesheni ya vijiji, Miriam akiwa na miaka minane. Walipakiwa kwenye lori pamoja na mbuzi na vitanda, wakashushwa Gulwe kando ya reli, kwenye kijiji kilichopimwa kwa kamba. Nyumba ikabaki. Na sasa, tangu ahamie mjini, Bibi Loisi alikuwa akisema asubuhi, huku akipuliza uji, kwamba nyumba inamtafuta. Miriam alimwitikia kwa upole. Uzee nao una habari zake.

Mbande waliacha lami. Mpwapwa walikula ugali wa uwele na mlenda kwa mama ntilie mmoja nyuma ya stendi, Damas akiwa amewageuzia mgongo kwenye benchi lake peke yake, kama mtu aliyenuniwa. Gulwe hawakusimama. Bibi Loisi hakugeuza hata shingo kukitazama kijiji kile alichokaa miaka ishirini.

Walipolivuka korongo la mchanga na kuishika njia ya Kibakwe, waliona vumbi mbele yao. Damas alidhani ni ng'ombe. Ilikuwa nyumba.

Ilikuwa tembe ya kawaida, ndefu na ya kimo kifupi, ukuta wa miti na udongo, paa bapa lililoota majani na shina moja la mboga ya maboga. Ilikuwa ikija upande wao, katikati ya barabara. Ilitembea kama mtu mwenye goti bovu: iliinua pembe moja, ikaiweka chini, ikatulia kidogo, ndipo ikaivuta ya pili. Nyuma yake alikuja mwanamume kwenye baiskeli, amefunga tenga la kuku, akingoja nafasi ya kupita. Alipoipata alipita, akasimama dirishani kwa Damas.

"Mbukwenyi," alisalimia. Jina lake lilikuwa Nikodemo na alikuwa akienda kuuza kuku Gulwe. "Piteni kushoto kwake. Ni mpole, ila upande wa kulia haioni vizuri, dirisha lilishaziba."

"Inatokea wapi?" Miriam aliuliza.

"Huko huko milimani. Mwaka mzima ilikuwa inazunguka Kibakwe, inachungulia watu minadani. Naona wamekwisha kuielekeza mjini." Akarekebisha kamba ya tenga lake. "Siyo ya kwanza hii. Nyingine ilipita kabla ya Pasaka, ilikuwa inakwenda Morogoro, wenyewe wako kiwandani kule. Siku hizi kila kitu ruksa, mama."

Damas, ambaye alikuwa na haraka ya kufika kabla ya jua kali, alipiga honi.

Nyumba ikasimama. Halafu ikaketi, palepale, ikaziba barabara kutoka mtaro hadi mtaro.

Kutoka kiti cha nyuma Bibi Loisi alishusha khanga na kutazama mbele. Juu ya mlango wa nyumba kulikuwa na kipande cha debe, ambacho marehemu mumewe alikigongomea mwaka ule mchwa walipokula kizingiti.

"Miriam," alisema. "Mwambie mumeo amempigia honi mkwewe."

"Mama anasema umempigia honi mkweo," Miriam alisema.

"Nimesikia," alisema Damas, na masikio yalikuwa yamemwiva. "Mwambie sikumtambua."

"Anasema hakukutambua."

"Siyo mimi. Aiambie nyumba."

Nyumba ya mkwe ni mkwe, na kosa ni kosa. Damas alinunua jogoo kwa Nikodemo, akavua kofia, akaenda kusimama porini mbali kidogo, uso ameuelekeza kwenye miiba, na Frida akaenda kumweka jogoo mlangoni kwa niaba ya baba yake. Walingoja. Jogoo alitazama ndani, akaingia. Ndipo nyumba ilipoinuka, ikajikongoja hadi pembeni mwa barabara na kukigeuza kisogo chake upande wa Damas, ikampisha, jinsi mkwe mwenye adabu anavyompisha mkwewe njiani.

Bibi Loisi aliingia bila kubisha hodi. Miriam alimfuata, akainama mlangoni. Ndani kulinukia moshi na ngozi ya mbuzi, vilevile. Aliiona ile nguzo aliyokuwa akiegemea akisukwa nywele, na juu yake masizi ya miaka yote ya mama yake, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo hakuitegemea, maana kwa miaka ishirini na mbili alikuwa ameisahau nyumba hii na yenyewe haikuwa imemsahau mtu. Kitu kimoja tu kilikosekana. Nyumba haikuwa na sakafu. Ilipoondoka iliondoka na kuta na paa. Sakafu na mafiga vilibaki kwao. Chini ya miguu ya Miriam palikuwa na changarawe na alama za matairi.

"Imekonda," alisema Bibi Loisi, akiupapasa ukuta. "Turudi nyumbani."

Kuigeuza ile nyumba kulichukua muda, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba na yenyewe haikupenda kuelekezwa. Kisha safari iliendelea. Mbele ilitangulia nyumba, Bibi Loisi akitembea ndani yake, kwa sababu nyumba isiyo na sakafu haimbebi mtu. Frida alikaa juu ya paa, miguu inaning'inia, akila maandazi. Nyuma alikuja Damas kwa gia ya kwanza, rejeta ikichemka, na kwenye kila mlima Miriam alishuka kuimwagia maji. Watu waliokuwa wakivuna mtama waliinua mikono. Bibi Loisi aliwasalimia dirishani, akawataja baba zao kwa majina.

Chisaluni walifika jua limekwisha kupinda. Palikuwa na uzio wa waya kutoka mlima mmoja hadi mwingine, geti la chuma, na nyuma yake alizeti, zote zimetazama upande mmoja. Mlinzi alitoka kibandani, ndani ya sare iliyoshonewa mtu mnene. Bibi Loisi alimtambua kabla hajafungua kinywa. Alikuwa Fabian, mwana wa majirani zake wa bondeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Tufungulie, baba, tumechoka."

Fabian aliitazama nyumba, akamtazama Bibi Loisi, na alionekana kuumia. "Watu naweza kuwapitisha, bibi, ukisema mnakwenda kisimani. Nyumba sijaambiwa. Ngoja nimwite meneja."

Meneja alikuja na gari lake, kijana mpole, jina lake Elisante. Damas aliposikia jina la watu wa kwao alichangamka, akamsalimia kwa lugha ya nyumbani, wakatajiana vijiji na shule, na ikaonekana mjomba wa huyu alimfundisha kaka wa yule. Undugu huo uliwapatia viti vinne na chai. Baada ya chai Elisante alieleza hali. Shamba lilikuwa limetolewa kwa kampuni mwaka uliopita, kwa kufuata taratibu zote, likiwa pori lisilo na mtu.

"Pori?" alisema Miriam. "Mbona hapa ndipo kwetu."

"Wapimaji walitembea kila mahali, dada. Walikuta sakafu na mafiga tu, pale kwenye kichuguu. Sakafu peke yake haihesabiwi kuwa makazi. Nyumba haikuwepo."

"Ilikuwa imetoka kunitafuta," alisema Bibi Loisi.

Elisante alitikisa kichwa kwa huruma. Alielewa kabisa. Alisema hata mama yake angefanya vilevile, na nyumba ya mama yake pia. "Lakini siku ya kupima, bibi, haikuwepo."

Damas hapo aliinuka. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwa amewahi kusema jambo mbele ya mkwewe bila kupitia kwa mtu, na hata sasa aliyatazama maua ya alizeti alipokuwa akiongea. Alisema mama huyu hakuhama kwa hiari yake, alihamishwa. Kwamba mtu akiondolewa kwake kwa lori hawezi kesho kuulizwa kwa nini hakuwepo. Alisema vizuri, polepole, kama mhasibu anavyosoma hesabu ambayo ana hakika nayo. Elisante alimsikiliza mpaka mwisho. Alikubaliana naye kwa kila neno, na geti halikufunguliwa.

Basi nyumba ikaenda kwenye uzio. Ilisogea mpaka ukuta ukagusa waya, ikasimama pale kama ng'ombe aliyefungiwa nje ya zizi, ikielekea kichuguu. Ilipoona hakuna la kufanyika ilikaa. Bibi Loisi aliomba ufagio kwa Fabian, akafagia changarawe, akatandika. Alilala ndani ya nyumba yake siku hiyo, na asubuhi alisema alilala vizuri. La kwanza lilikuwa limetimia, akabaki kungoja la pili. Jumapili wengine walirudi mjini, kwa kuwa Jumatatu ni kazi. Miriam alilia mpaka Mpwapwa, na Damas hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono kila barabara iliponyooka.

Kati ya uzio na barabara pana nafasi nyembamba, na nyumba ilibidi ijibane kwa ubavu. Mwaka uliofuata walikuja watu wa barabara, wakaipiga alama ya X kwa rangi nyekundu kwa kuwa ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Nyumba ikasogea hatua moja kwenye waya. Walinzi nao wakaja wakasema inaegemea mali ya kampuni. Ikasogea hatua moja barabarani. Imefanya hivyo tangu wakati huo, kila akija huyu au yule, na Bibi Loisi amezoea kunywa chai kwa kikombe kisichojaa.

Damas alikwenda wilayani, akaenda mkoani, akaambiwa njoo kesho kwa adabu ya kila aina. Mwishowe alirudi kwa Elisante na ombi dogo. Hakudai shamba wala kichuguu. Alimwombea mkwewe nafasi ya kaburi, nyuma ya lilipokuwa zizi, karibu na mumewe, mahali ambapo alizeti zilikuwa zimeota juu ya mzee huyo nzuri kuliko kwingine kote. Elisante alisema yeye binafsi angekubali leo hii. Ila kaburi huzaa madai, na kampuni haikuruhusu kitu kinachozaa madai.

Miriam ndiye aliyempelekea mama yake jibu hilo. Bibi Loisi alikuwa akichambua mlenda.

"Basi sifi kwanza," alisema.

Hakuna aliyebishana naye, na hakufa. Kampuni ya alizeti iliuza shamba kwa nyingine, nayo ikauza kwa nyingine, na kila moja ilikuja na waya mpya na meneja mpya, mpole. Fabian amestaafu, anaketi mlangoni kwa Bibi Loisi wakicheza bao. Damas ametangulia mbele ya haki, akiwa ameheshimiwa na wakwe zake wote wawili. Nyumba ilikaa siku saba bila kuwasha moto, kwa kumwomboleza. Frida ndiye anayeendesha gari sasa, na kila mwezi wa sita humpeleka mama yake.

Miriam amefikia umri aliokuwa nao mama yake siku ile ya safari, na magoti yanamsumbua. Mwaka jana walipokuwa wamekaa kivulini, ukuta wenye X nyuma yao, Bibi Loisi alimuuliza binti yake kwa huruma kama yeye ameshapata mahali pa kuzikwa.

Miriam alimwambia ndiyo, Rombo, kando ya mumewe.

"Umebahatika, mwanangu," alisema Bibi Loisi, na alikuwa amefurahi kweli kwa ajili yake.